Siku kumi za kimya: tathmini ya kozi ya Vipassana kwa anayeulizia mwangaza katika nchi za Magharibi

Kozi ya siku kumi ya Vipassana, aina ya taamuli ya Kibuddha ya kuangalia pumzi na hisia za mwili, kwa namna alivyoifundisha mwalimu S. N. Goenka, ni miongoni mwa huduma chache katika nchi za Magharibi ambazo mteja wake hapewi ankara. Hakuna ada ya kujiandikisha, hakuna malipo ya chumba wala ya chakula, na mchango hupokewa tu kutoka kwa mtu aliyekwisha kumaliza angalau kozi moja. Walimu wasaidizi hawana mshahara, na wanaopika na kuosha vyombo ni wanafunzi wa zamani waliojitolea. Kwa kuwa karibu kila kitu kinachohusu utulivu wa akili katika nchi hizo kimekwisha kuwekewa bei, kuanzia programu za simu hadi mito ya kukalia, mgeni huingia akishuku kwamba atatozwa kwa mlango wa nyuma. Nami niliingia na shaka hiyo. Tathmini hii inatokana na kituo kimoja cha mashambani Ulaya Magharibi, lakini ratiba, kanuni na mafundisho ni yale yale katika vituo zaidi ya 200 duniani, kwa hiyo nitakayoyasema kuhusu mpango wenyewe yanamhusu yeyote anayefikiria kwenda popote.

Nilichotaka kukipima si ubora wa vitanda. Huduma nyingi zilizozaliwa na Ubuddha huko Magharibi zimeacha kuahidi kile ambacho Ubuddha wenyewe uliahidi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Tiba cha Massachusetts, mjini Worcester, kozi ya taamuli ya wiki nane kwa wagonjwa wakiwemo wenye maumivu sugu, akaiondolea kwa makusudi lugha ya dini ili daktari asiye na habari na Buddha amwelekeze mgonjwa wake huko bila wasiwasi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara na umezaa matunda: mwaka 2004 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilipendekeza tiba ya aina hiyo kwa watu ambao sonona huwarudia mara kwa mara. Baadaye zikaja programu za simu, Headspace mwaka 2010 na Calm mwaka 2012, na ilipofika mwaka 2019 hii ya pili ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni moja. Katika safari hiyo yote, kilichoachwa njiani ni kuamka, yaani ule mwangaza wenyewe. Mteja huahidiwa usingizi mzuri, umakini kazini na hasira kupungua. Haahidiwi kukoma kwa tamaa, chuki na ujinga, mambo matatu ambayo kwa mafundisho ya Buddha ndiyo yanayomfunga binadamu.

Sina ugomvi na usingizi mzuri. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la JAMA Internal Medicine, uliokusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515, ulipata ushahidi wa kiwango cha wastani kwamba taamuli za aina hii hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu, lakini haukupata ushahidi kwamba zinazishinda tiba nyingine kama vile dawa au mazoezi ya mwili. Ikiwa nafuu hiyo ndiyo kila kitu, basi mtu anaweza kukimbia kila asubuhi akaokoa pesa za programu. Swali linalobaki ni kama lengo la zamani, lile la Siddhartha Gautama, yaani Buddha, aliyeketi chini ya mti huko Bodh Gaya, India, lina kazi yoyote kwa mtu anayeishi Berlin au Boston, na kama kuna mahali ambapo bado linatolewa bila kuchujwa.

Kozi ya Goenka hailifichi. Yeye mwenyewe, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Mandalay, Burma (leo Myanmar), mwaka 1924, alimwendea mwalimu wake U Ba Khin mwaka 1955 akitafuta nafuu ya kipandauso, naye akakataliwa. Aliambiwa kwamba kuja kwa ajili ya kichwa ni kuishusha thamani mbinu hii. Aje kwa ajili ya kuondokana na mateso yote, na kichwa kikipona itakuwa ni ziada tu. Kisa hicho husimuliwa katika hotuba za jioni, na kwangu mimi ndicho kipimo cha haki cha kuipimia huduma yenyewe, kwa sababu karibu kila mtu niliyezungumza naye kimya kilipoondolewa alikuwa amekuja kwa ajili ya kipandauso chake cha aina fulani: talaka, kazi iliyomchosha, msiba.

Kengele hulia saa kumi alfajiri. Kuanzia saa kumi na nusu hadi saa tatu usiku, taamuli huchukua zaidi ya saa kumi, zikikatizwa na kifungua kinywa saa kumi na mbili na nusu, chakula cha mchana saa tano, na chai pamoja na matunda saa kumi na moja jioni, ambayo ndiyo riziki ya mwisho ya siku kwa mwanafunzi mpya. Saa moja usiku huonyeshwa hotuba ya Goenka kwa video. Simu, vitabu na kalamu huachwa nje ya kozi. Wanaume na wanawake hukaa sehemu tofauti, na kimya chenyewe si cha mdomo tu, kwani hata kutazamana machoni na kuashiriana kwa mikono kumekatazwa. Kila anayeingia hukubali kanuni tano: kutoua, kutoiba, kujiepusha na tendo la ngono kwa muda wote wa kozi, kutosema uongo na kutotumia kilevi. Malazi ni ya kawaida na safi, chakula hakina nyama na kimepikwa kwa moyo, na hayo yanatosha kusemwa kuhusu malazi na chakula.

Kwa siku tatu za mwanzo kazi ni moja: kuiangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani, bila kuirekebisha. Eneo la kuangaliwa hupunguzwa hadi ibaki sehemu ndogo kati ya matundu ya pua na mdomo wa juu. Kufikia siku ya pili ukumbi huanza kubadilika sura. Watu waliokuja na mto mmoja sasa wana mitano. Wengine wamejijengea viti vya blanketi, wengine wameweka taulo zilizokunjwa chini ya magoti, na mwanamume mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa na mnara wa mito ambao kila alipojisogeza uliporomoka, katika ukumbi ambao hata kikohozi kilisikika kama tangazo. Naamini mito ile ilifundisha kitu ambacho hotuba za jioni hukisema kwa maneno mengi zaidi. Mtu aliyekulia katika jamii yenye bidhaa kwa kila usumbufu huamini kwamba mpangilio sahihi wa vitu upo mahali fulani, na kwamba akiupata, maumivu yatakwisha. Siku ya nne mto wa sita hausaidii tena.

Siku hiyo ndiyo huanza Vipassana yenyewe. Mwanafunzi huupitisha usikivu wake kutoka utosini hadi vidole vya miguu, kiungo baada ya kiungo, akitambua kila hisia inayojitokeza, iwe joto, mwasho, uzito au ganzi, bila kuikaribisha wala kuifukuza. Mara tatu kwa siku hutakiwa kukaa saa nzima bila kufumbua macho, kufungua mikono wala kukunjua miguu. Goti langu la kushoto lilikuwa likianza kuwaka kikao kikifika katikati. Nilitarajia maumivu yazidi mpaka yanishinde. Nilichokiona, katika vile vikao vilivyokwenda vizuri, ni kwamba kitu nilichokuwa nakiita maumivu kiligawanyika. Kulikuwa na joto, kulikuwa na mpwito, na pembeni kulikuwa na sauti iliyokuwa ikilalamika na kuhesabu dakika. Joto na mpwito vilibadilika kila mara, vikapungua, vikarudi mahali pengine. Sauti ndiyo iliyokuwa nzito.

Hapa ndipo huduma hii inapoachana na zile za simu. Kwenye programu, zoezi kama hili huishia kwenye utulivu, na utulivu ndio bidhaa yenyewe. Katika kozi, utulivu ni chombo cha kuonea: mwanafunzi huelekezwa aone kwamba hisia haidumu, kwamba kuing'ang'ania au kuichukia ndiko kunakozaa mateso, na kwamba hakuna mmiliki aliyejificha nyuma ya hisia hizo akiziendesha. Wabuddha wa Theravada, tawi la Ubuddha ambalo mbinu hii imetokea, huyaita mambo hayo anicca, dukkha na anatta. Kwa mafundisho yao kuna ngazi nne za kuamka, na mtu huifikia ya kwanza vinapokatika vifungo vitatu, kimojawapo kikiwa imani kwamba kuna nafsi ya kudumu. Sijui fundisho linalopingana zaidi na maisha ya kisasa ya Magharibi. Huko nafsi ni mradi: hujengwa shuleni, huandikwa kwenye wasifu wa kazi, hupigwa picha, huhesabiwa wafuasi, na ikichoka hupelekwa kwa mtaalamu ili irejeshwe kazini. Taamuli inayouzwa kwa lugha ya kujiboresha huingia katika mradi huo kama kifaa kimoja zaidi. Mwangaza, kwa maana yake ya awali, unauliza kama mradi huo una mwenyewe.

Je, swali hilo lina manufaa kwa mtu mwenye mkopo wa nyumba na watoto wanaosubiri chakula cha jioni? Nadhani linayo, ijapokuwa si kwa sababu wengi watafika mwisho wa njia. Hakuna aliyeniambia kwamba amefika, na kozi haitoi cheti wala haimtangazi yeyote kuwa amepanda ngazi, jambo ambalo nalihesabu kuwa sifa. Manufaa ni kwamba lengo la mbali linaweka kila kitu cha karibu mahali pake. Kuanzia siku ya tano au ya sita, baadhi ya wanafunzi huhisi mwili mzima ukitiririka kama mawimbi mepesi, hisia tamu isiyofanana na kitu, na kikao kinachofuata huketi wakiisubiri irudi. Mahali ambapo lengo ni kujisikia vizuri, hapo kazi ingekuwa imekwisha na mteja angepewa pongezi. Hapa anaonywa kwamba kuusubiri utamu ule ni tamaa ile ile iliyomleta, imevaa nguo za ibada. Onyo hilo haliwezi kutolewa na huduma ambayo haina lengo zaidi ya utamu.

Ni vizuri pia kuiondoa dhana kwamba kuna Mashariki iliyohifadhi kila kitu na Magharibi iliyokuja kukichakachua. Mbinu hii ilipata sura yake ya sasa katika msukosuko wa ukoloni. Waingereza walipoung'oa ufalme wa Burma mwaka 1885, watawa kama Ledi Sayadaw (1846–1923) walihofia kwamba dini ingepotea bila mfalme wa kuilinda, wakaanza kuwafundisha watu wa kawaida mambo ambayo hapo awali walei wengi waliwaachia watawa, kwani dini ya mlei ilikuwa zaidi kutoa sadaka na kujipatia thawabu. Mlolongo huo ulimfikia U Ba Khin (1899–1971), aliyekuwa mhasibu mkuu wa serikali ya Burma huru. Mafungo mafupi yenye ratiba kali, yaliyokusudiwa watu wenye ofisi na familia, yana harufu ya mhasibu huyo. Goenka aliyapeleka India mwaka 1969. Miongoni mwa Wamarekani waliosoma kwake huko Bodh Gaya walikuwemo Joseph Goldstein na Sharon Salzberg, ambao mwaka 1975 walishiriki kuanzisha jumuiya ya taamuli ambayo makao yake yako Barre, Massachusetts. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mwangaza haumfai mtu wa kisasa anasahau kwamba njia hii ilitengenezwa na watu wa kisasa.

Sasa kasoro, ambazo si ndogo. Goenka alifariki mwaka 2013, lakini sauti yake iliyorekodiwa ndiyo inayoongoza ukumbi, ikitoa maelekezo na kuimba kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, huku mwalimu msaidizi akibonyeza kitufe. Utaratibu huu una faida yake. Jumuiya za Kibuddha za Magharibi zimeumizwa na walimu walioaminiwa kuwa wameamka: mwaka 2017 wanafunzi wa muda mrefu wa Sogyal Rinpoche, mwanzilishi wa shirika la Rigpa, walimwandikia barua wakimtuhumu kwa unyanyasaji, naye akaachia uongozi. Mwalimu aliye kwenye kanda hawezi kumgusa mtu. Lakini kanda haijibu swali. Katika nafasi fupi ya adhuhuri nilimuuliza mwalimu msaidizi wa kituo nilichokaa jinsi fundisho la kutokuwa na nafsi linavyopatana na lile la kuzaliwa upya, na jibu nililopata ni kwamba niendelee kuangalia hisia zangu. Kama ushauri wa taamuli, jibu hilo halina kosa. Kama jibu kwa mtu mzima aliyeombwa kulikubali fundisho baada ya kulipima kwa akili yake, halitoshi.

Hilo linanipeleka kwenye dai ninalolipinga waziwazi, kwamba kozi hii haina dini ndani yake na kwamba ni sayansi ya akili. Mwanafunzi hufunguliwa kozi kwa kujikabidhi kwa Buddha, Dhamma (mafundisho yake) na Sangha (jumuiya ya wafuasi wake). Hotuba zinaeleza kwamba taamuli huibua na kuyeyusha mabaki ya matendo ya zamani, ya maisha haya na yaliyotangulia. Hayo ni mafundisho ya Ubuddha, na hakuna aibu kuyaita hivyo. Kuyaita sayansi ni kuikopesha hadhi ya maabara kitu ambacho maabara haijakipima, na ni kumnyima Mkristo, Mwislamu au asiye na dini haki ya kujua mapema anachoingia. Ajabu ni kwamba hapa mafungo haya yanaitumia mbinu ile ile ya biashara ambayo kwingineko yanaikwepa: yanaficha chanzo ili kupanua soko.

Uzito wa kanuni tano, kwa upande mwingine, ni jambo ambalo wengi hulipuuza mara tu wanapofika nyumbani. Desemba 2018 Jack Dorsey, wakati huo akiwa mtendaji mkuu wa Twitter, aliandika kwa shauku kwenye mtandao huo kuhusu siku zake kumi za taamuli nchini Myanmar, akawahimiza watu waitembelee nchi hiyo. Alikosolewa vikali kwa kutowataja Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini humo, ambao zaidi ya 700,000 kati yao walikuwa wamekimbilia Bangladesh tangu Agosti 2017 kutokana na mashambulizi ya jeshi. Baadaye alijibu kwamba alikuwa akiyajua maovu hayo. Simtaji ili kumhukumu mtu mmoja. Namtaja kwa sababu alieleza kwa undani mapigo ya moyo aliyoyapima kwa kifaa chake, na kuamka kulikoishia kwenye takwimu za mwili wa mwenye kuamka kunaonyesha jinsi hata kozi hii, pamoja na ukali wake, inavyoweza kuchukuliwa kama zoezi la ustahimilivu. Katika mafundisho, kutowadhuru viumbe huja kabla ya kukaa; bila hiyo, umakini ni ustadi tu.

Kuna hatari pia, na vipeperushi vya taamuli kwa jumla huzitaja kwa sauti ndogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, akiwemo Willoughby Britton, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya mahojiano na watu wa Magharibi wanaofanya taamuli za Kibuddha pamoja na walimu wao, na baadhi ya wahojiwa walieleza hofu kali, kukosa usingizi, kumbukumbu za kiwewe kurudi, na kupotewa na hisia ya kuwa mtu. Mtego upo kwenye hilo la mwisho. Kwa mtawa inaweza kuwa dalili ya maendeleo. Kwa daktari wa akili ni dalili ya ugonjwa. Na mwanafunzi aliyeko siku ya saba, asiyeruhusiwa kuongea na mwenzake, hana njia ya kujua amesimama upande upi. Palipo na watawa na miaka ya uangalizi, swali hilo hupata mtu wa kulipokea. Kozi ya siku kumi inayowapa watu zana ya kuivunja nafsi, kisha ikawarudisha kwenye magari yao asubuhi ya siku ya kumi na moja, inapaswa kuwa na wasaidizi wengi zaidi wenye ujuzi wa afya ya akili.

Kwa mizani hiyo, naipendekeza kozi kwa mtu mwenye afya njema ya akili ambaye ameshajaribu taamuli ya kawaida, akapata utulivu wake, kisha akaanza kujiuliza utulivu huo ni wa kazi gani. Huyo atapata kitu ambacho pesa hainunui kwa urahisi katika soko lile. Anayetafuta mapumziko asiende. Atachoka kuliko alivyofika. Anayetafuta nafuu ya sonona aanze kwa daktari, ambaye huenda akamwelekeza kwenye ile kozi ya wiki nane, na asione kwamba amechagua kilicho duni. Anayetaka mjadala wa falsafa atapata hotuba nzuri, zenye ucheshi usiotarajiwa, lakini hatapata mtu wa kubishana naye.

Anayeamua kwenda ajaze kwa ukweli sehemu ya fomu inayouliza historia ya afya ya akili, hata kama ukweli huo utamkosesha nafasi. Aombe mapema, kwa kuwa vituo vingi vya Ulaya na Amerika Kaskazini hujaa. Siku kumi zenyewe hazihesabu jioni ya kuwasili wala asubuhi ya kuondoka, hivyo likizo ya kazini iombwe kwa siku kumi na mbili, na ikiwezekana iongezwe siku moja ya kukaa nyumbani kabla ya kuwasha barua pepe. Mwishoni atashauriwa kuketi saa moja asubuhi na saa moja jioni kila siku, na afikirie kabla ya kwenda kama ana nia ya kuzipata saa hizo mbili, kwa sababu mafundisho yote ya kozi yamejengwa juu yake.